Mwezi Upi? Dashibodi ya Mauzo Mbele ya Dagaa wa Ilagala

Kama umewahi kujifunza Power BI, Tableau au Looker Studio, kuna uwezekano mkubwa kwamba zoezi lako la kwanza lilikuwa dashibodi ya mauzo. Unajua inavyokuwa: juu kadi tatu au nne zenye namba kubwa, katikati mstari unaopanda na kushuka mwezi hadi mwezi, pembeni duara lililokatwa vipande kama keki, na kando ya kila namba mshale. Wa kijani ukielekea juu, mwekundu ukielekea chini. Data yenyewe nayo unaijua. Kwenye Power BI mara nyingi ni Contoso au AdventureWorks, kampuni za kubuni ambazo Microsoft huzitumia kufundishia, hiyo ya pili ikiuza baiskeli. Kwenye Tableau ni Superstore, duka linalouza fanicha, vifaa vya ofisi na simu.

Leo nataka tuihakiki dashibodi hiyo kama tunavyohakiki kitabu: inasema nini, inamsemea nani, na inanyamazia nini. Na ili tusiongee hewani, tuipeleke mahali panapouzwa kitu. Tuipeleke Ilagala.

Ilagala ni kata ya Wilaya ya Uvinza, kusini mwa mji wa Kigoma na Ujiji, jirani na pale mto Malagarasi unapomwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Hapo biashara ni dagaa, migebuka, mawese na muhogo. Hakuna baiskeli za AdventureWorks. Swali letu ni rahisi: dashibodi ile ile tuliyofundishwa darasani, ukiijaza mauzo ya dagaa wa ziwa hili, itakwambia ukweli?

Kwanza tuipe haki yake

Sitaki uniweke kwenye kundi la wanaobeza teknolojia. Power BI Desktop inapakuliwa bure kwenye kompyuta ya Windows, na Looker Studio inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Mfanyabiashara anayeandika mauzo kwenye daftari, ukimhamishia kurasa zake kwenye jedwali safi, ndani ya saa chache anaweza kuona mambo ambayo daftari lilikuwa linayaficha: mteja gani anachukua kwa mkopo na halipi, mzigo wa njia gani unaleta faida, siku gani dagaa walikaa bila kununuliwa. Hiyo ni nguvu ya kweli, na mtu aliyesoma shahada ya biashara hapaswi kuwa peke yake mwenye nguvu hiyo.

Lakini kila dashibodi imebeba dhana zake, na dhana zinazodanganya zaidi ni zile ambazo hakuna aliyezichagua. Zilikuja zimeshawekwa. Ukiingiza safu ya tarehe kwenye Power BI, programu yenyewe inaipanga kwa mwaka, robo mwaka, mwezi na siku. Hujaulizwa kitu. Mwaka wa Januari hadi Desemba umeshakuwa mfupa wa dashibodi yako, na nyama zote utaibandika juu ya mfupa huo.

Neno moja, maana mbili

Sasa sikiliza lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili, kile kinachong'aa angani usiku na kile kinachoandikwa kwenye kalenda vyote vinaitwa mwezi. Programu inaujua mmoja tu. Dagaa wanaujua ule mwingine.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamii mbili za samaki wadogo, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na za sola zimeenea. Taa inavuta viumbe wadogo wa majini, dagaa wanakuja, na migebuka, ambao hula dagaa, nao hawako mbali. Wavu unainuliwa. Ila taa ina kazi pale tu kunapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakuwa kama tochi mchana, na samaki hawana sababu ya kukusanyika chini yake. Kwa hiyo siku za mbalamwezi kali maboti mengi hupumzika, nyavu zinashonwa, na mwaloni kunakuwa kimya.

Kumbe basi mapato ya mwalo yana mapigo yake, na mapigo hayo yana urefu wa siku 29 na nusu hivi, kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu. Kalenda ya ukutani ina siku 28, 30 au 31. Mizunguko 12 ya mwezi inachukua siku 354, pungufu ya mwaka kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani na Idi hurudi nyuma kila mwaka, na kila mtu Ujiji analijua hilo bila kufungua kompyuta. Msimu wa giza ziwani hurudi nyuma vivyo hivyo.

Tupige hesabu

Hebu tufanye jaribio ambalo unaweza kulirudia mwenyewe. Tuseme kuna muuzaji ambaye biashara yake haibadiliki kabisa. Kila usiku wa giza mzigo wake unamwingizia shilingi 300,000. Usiku wa mwezi mpevu, usiku tatu kabla yake na usiku tatu baada yake, jumla saba, hapati kitu. Namba hizi nimezichagua za mfano ili hesabu iwe nyepesi, lakini tarehe za mwezi ni za kweli.

Januari 2025 mwezi ulikuwa mpevu usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Kwa hiyo kuanzia tarehe 1 hadi 9 muuzaji wetu alifanya kazi kila usiku. Ikifika tarehe 10, jumla yake ni usiku 9, sawa na shilingi 2,700,000.

Januari 2026 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 3. Mapumziko yake yakaanza tangu mkesha wa mwaka mpya hadi tarehe 6. Ikifika tarehe 10, ana usiku 4 tu wa kazi: shilingi 1,200,000.

Sasa fungua dashibodi tarehe 10 Januari 2026. Kadi ya "mauzo tangu mwezi uanze, ukilinganisha na mwaka jana" itaonyesha mshale mwekundu na asilimia 56 chini. Ziwa halijabadilika. Bei haijabadilika. Muuzaji hajalala. Kilichobadilika ni tarehe ambayo mwezi uling'aa.

Utasema, subiri mwezi wa kalenda uishe, mambo yatajisawazisha. Kwa kiasi, ndiyo. Januari nzima ya 2025 inampa usiku 24 wa kazi. Ile ya 2026 inampa 22, kwa sababu mwezi mpevu mwingine uliangukia tarehe 1 Februari na ukala usiku tatu za mwisho za Januari. Ni shilingi 7,200,000 dhidi ya 6,600,000, anguko la zaidi ya asilimia 8. Mshale bado mwekundu. Na ukilinganisha wiki hii na wiki iliyopita, kama violezo vingi vinavyopenda kufanya, hali ni mbaya zaidi: wiki moja ina usiku saba za kazi, nyingine inaweza isiwe na hata mmoja. Kwa dashibodi hiyo, biashara ya muuzaji wetu inakufa na kufufuka kila baada ya wiki chache.

Nani anaumia kwa mshale mwekundu?

Huenda unajiambia, ah, muuzaji mwenyewe anajua mwezi, hatadanganyika. Kweli kabisa. Yeye hatadanganyika. Shida ni kwamba dashibodi haitengenezwi kwa ajili yake peke yake. Inatengenezwa ili mtu aliye mbali aweze kuona bila kufika.

Fikiria afisa mikopo aliyekaa mjini, ana waombaji 40 na asubuhi moja. Anaona asilimia 56 chini. Fikiria mkusanya mapato ambaye lengo la ushuru limegawanywa kwa miezi 12 iliyo sawa, na mwezi huu mwalo "haujafikia". Fikiria mwenye mtaji aliyempa kijana wake fedha za kununulia dagaa, anaona grafu imelala, anaanza kuhisi anaibiwa. Kila mmoja wao anaisoma chati kwa usahihi. Chati ndiyo imeulizwa swali la duka la baiskeli.

Hata marejesho ya mkopo yanaingia humu. Mkopo unaodai marejesho kila tarehe 5 utamkuta mkopaji huyu baadhi ya miezi akiwa ametoka kwenye giza na mfuko umejaa, na miezi mingine akiwa katikati ya mbalamwezi, boti zimefungwa. Kwenye mfumo ataonekana mtu asiyeaminika: mara analipa mapema, mara anachelewa. Ukichora marejesho yake dhidi ya umri wa mwezi angani, huenda ukamkuta ni mtu wa kawaida kuliko wote.

Namba kubwa inayoficha ziwa

Kosa la pili ni la upande wa pili. Dashibodi ambayo inapiga kelele pasipo na hatari inaweza pia kunyamaza penye hatari.

Kadi ya juu kabisa kwenye dashibodi ya mauzo huwa ni jumla ya fedha. Chukua mfano: mwaka mmoja muuzaji ameuza kilo 1,000 kwa shilingi 6,000, akapata 6,000,000. Miaka michache baadaye ameuza kilo 800 kwa shilingi 9,000, akapata 7,200,000. Mshale wa kijani, asilimia 20 juu, hongera! Lakini samaki wamepungua kwa asilimia 20. Dashibodi imesherehekea uhaba.

Hili si la kinadharia kwa Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake ya chini hayana oksijeni ila yana virutubisho vingi. Pepo za kusini-mashariki zinazovuma wakati wa kiangazi ndizo husaidia kuyakoroga na kupandisha virutubisho hivyo juu, ambako mwani huvitumia, wadudu wa majini wakala mwani, dagaa wakala wadudu hao. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi zaidi na kukorogana kunapungua. Mwaka 2003, utafiti ulioongozwa na Catherine O'Reilly na kuchapishwa katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki kupungua kwa takribani asilimia 30. Badiliko la aina hiyo linakwenda polepole, kwa miongo. Kwenye dashibodi inayoonyesha miezi 12 ya fedha huwezi kuliona, kwa sababu bei inalifunika na mwezi unalivuruga.

Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sasa Power BI, kwa mpangilio wake wa kawaida, haionyeshi kundi lisilo na data. Kama Juni na Julai hakuna mauzo yaliyoandikwa, miezi hiyo inafutika kwenye mhimili, na Mei inakaa bega kwa bega na Agosti kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuna kitufe cha kuonyesha vitu visivyo na data, lakini lazima ujue kwamba unakihitaji. Na ukishakiwasha, sifuri ya "soko limekufa" na sifuri ya "sheria imefunga ziwa" zinafanana kabisa. Kwa mtu anayetaka kujua kama mapumziko yale yalisaidia, tofauti ya sifuri hizo mbili ndiyo habari yote.

Ndoo, gunia na dumu

La tatu ni dogo lakini linaudhi. Ukiburuta safu ya namba kwenye chati, programu inajumlisha. Ndiyo tabia yake. Sasa kwenye daftari la Ilagala utakuta dagaa wabichi kwa ndoo au beseni, wakavu kwa kilo au gunia, mawese kwa dumu la lita 20. Safu ni moja: "idadi". Jumlisha, upate 347. Mia tatu arobaini na saba ya nini?

Hata ukibadili kila kitu kuwa kilo hujamaliza. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, kwa hiyo kilo ya dagaa waliotoka majini na kilo ya waliokauka kwenye chanja ni bidhaa mbili tofauti. Lita 20 za mawese ni kama kilo 18, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Mambo haya anayajua kila muuza dagaa sokoni. Ni data za mazoezi ndizo hazikuwahi kuyajua, kwa sababu baiskeli moja ni baiskeli moja, leo na kesho, ikilowa na ikikauka.

Tufanyeje basi?

Kuna atakayenijibu: hilo ni kosa la mchambuzi, programu haizuii mtu kufanya vizuri. Nakubali nusu. Programu haizuii. Lakini tabia hutoka mafunzoni, na mafunzo yetu yanatoka kwenye data za maduka ya mbali. Mwanafunzi anayemaliza kozi akiwa ameshatengeneza dashibodi kumi za AdventureWorks anaamini kwamba mwaka una umbo moja. Hakufundishwa kuuliza.

Tiba yenyewe si ngumu, na ndiyo sababu nasisitiza ifundishwe. Zima upangaji wa tarehe wa kujiendesha, utengeneze jedwali lako la tarehe, kisha uliongezee safu tatu.

Ya kwanza ni umri wa mwezi. Chukua mwandamo mmoja unaojulikana, wa tarehe 6 Januari 2000. Hesabu siku tangu hapo hadi tarehe yako, gawanya kwa 29.53059, kisha tazama baki. Excel ina fomula ya MOD kwa kazi hiyo. Baki likiwa karibu na sifuri, ni giza. Likiwa karibu na 14.8, mwezi ni mpevu. Jaribu 3 Januari 2026: siku 9,494, baki 14.7 hivi. Imekubali, si ndiyo?

Ya pili ni hali ya ziwa: limefunguliwa au limefungwa. Ya tatu ni neno moja tu, "usiku wa kazi", ndiyo au hapana, na hilo analijaza muuzaji mwenyewe, kwa sababu kuna usiku wa giza ambao upepo ulikataza watu kutoka.

Ukishakuwa na safu hizo, badilisha kadi kubwa ya juu. Badala ya jumla ya fedha, weka kilo kwa kila usiku wa kazi, na kando yake bei kwa kilo. Linganisha mzunguko wa mwezi na mzunguko wa mwezi. Muuzaji wetu wa mfano, ambaye biashara yake haikubadilika, sasa ataonekana hivyo hivyo: hajabadilika. Na siku kilo kwa usiku zitakaposhuka kweli, mzunguko baada ya mzunguko, bila mwezi kuwa sababu wala sheria kuwa sababu, mshale mwekundu utakuwa na maana, na mtu atakayeuona atakuwa na wajibu wa kushtuka.

Hilo linakwenda mbali kuliko dagaa. Muhogo una kalenda yake, mawese yana msimu wake wa kujaa, duka la madaftari linafuata shule kufunguliwa, nguo za watoto zinafuata Idi na Krismasi. Kwa hiyo ukipewa kazi ya kutengeneza dashibodi ya mauzo, kabla hujachagua rangi, kaa na anayeuza umuulize mwezi wake unaanza lini. Akikutajia tarehe 1, endelea na kiolezo chako. Akitazama juu kwanza, funga kompyuta, chukua kalamu.